A. I. Virtanen, mwanakemia aliyepigania chakula cha ngombe wakati wa theluji

Ufini ni inchi ya kaskazini kabisa mwa Ulaya, ile ambayo wengi huku mashariki mwa Kongo wanaijua kwa jina la Finlande. Kule majani hayaoti mwaka mzima. Karibu mwezi wa kumi theluji inaanza kufunika malisho, ngombe wanaingizwa zizini, na hawatoki tena mpaka mwezi wa tano. Ni miezi saba ambayo mfugaji lazima amlishe ngombe wake kwa mikono, kwa kile alichovuna katika miezi michache ya jua. Mfugaji wa Masisi au wa uwanda wa Ruzizi anayelalamika juu ya kiangazi angefika kule angeshika kichwa.

Mwanzo wa karne ya 20, chakula hicho cha zizini kilikuwa hasa majani makavu. Yalikaushwa juani wakati wa mavuno, lakini jua la Ufini si la kutegemea. Mvua ikinyesha juu ya majani yaliyokwisha kukatwa, utamu unaoshwa, majani mateke yanaanguka, kunabaki vijiti. Ngombe alikula akashiba, lakini maziwa yalipungua. Siagi ya wakati wa baridi ilikuwa nyeupe, juu rangi ya njano inatoka kwenye majani mabichi, na ndani ya rangi ile njo mnapatikana kitu ambacho mwili wa ngombe na wa mtu unageuza kuwa vitamini A. Ndama waliozaliwa zizini walikuwa wadhaifu. Ili ngombe waendelee kukamuliwa, mfugaji alinunua mashudu, ile maagronomu wanaita turto, kutoka inchi za mbali. Faida ya maziwa ikarudi kwa mwenye kuuza mashudu.

Katika hali hiyo Artturi Ilmari Virtanen alizaliwa Helsinki, tarehe 15 Januari 1895. Hakuwa mtoto wa shamba kubwa wala wa profesa. Baba yake alikuwa mtu wa reli, mwendesha treni. Masomo ya sekondari aliyafanyia Viipuri, muji wa mashariki mwa Ufini. Mwaka wa 1913 akaingia Chuo Kikuu cha Helsinki kusomea kemia, ile wanafunzi wa Goma na Bukavu wanaita shimi. Wakati ule Ufini ilikuwa bado chini ya mfalme wa Urusi. Ilipata uhuru Desemba 1917, na miezi michache baadaye, 1918, ikaingia katika vita ya wenyewe kwa wenyewe. Virtanen alimaliza udaktari wake wakati inchi inatoka ndani ya damu na njaa.

Udaktari ule ulihusu utomvu wa miti ya msonobari. Hauna ngombe ndani yake. Kilichomleta kwenye maziwa ni kazi, ya mshahara. Wafugaji wadogo wa Ufini walikuwa wamejiunga katika vyama vya ushirika, na vyama vile mwaka wa 1905 viliunda muungano mmoja, Valio, wa kuuza siagi yao ngambo, zaidi Uingereza. Valio iliona kwamba siagi inayofika imeharibika inaharibu jina la inchi nzima. Ikaamua kuwa na laboratuari yake. Virtanen aliajiriwa akiwa kijana, na mwaka wa 1921 akawa mkuu wa laboratuari ile. Inafaa kusimama kidogo hapo. Serikali haikuwa na mkono, wala kampuni kubwa ya mbolea haikuwamo. Wenye ngombe watatu, wanne, walikatwa senti kwenye maziwa yao, na senti zile zikamlipa mwanasayansi.

Kabla ya kutulia kazini alitembea. Alijifunza Zurich, akajifunza Stockholm mambo ya bakteria, na mnamo 1923 na 1924 alirudi Stockholm kufanya kazi na profesa Hans von Euler-Chelpin, bingwa wa vimeng'enya, yaani vile vitu vidogo ndani ya kila kiumbe ambavyo vinaharakisha mabadiliko ya chakula. Kule njo alijifunza jambo ambalo lingemsaidia maisha yote: kimeng'enya kinafanya kazi tu ikiwa ukali wa asidi unaokizunguka unakifaa. Ukibadilisha ukali, kinalala.

Kazi yake ya kwanza yenye matunda ilikuwa juu ya siagi. Aliona kwamba siagi iliyo chachu inaharibika haraka ghalani. Akatengeneza chumvi maalumu ya kupunguza ukali wake, nayo ikaitwa chumvi ya AIV, kwa herufi za mwanzo za majina yake. Siagi ya Ufini ikaanza kufika sokoni Uingereza bila kunuka.

Kisha akageukia chakula cha ngombe. Fikra yake ilianzia chini ya udongo. Mimea ya jamii ya maharagi, kama klova inayopandwa Ulaya kwa ajili ya mifugo, ina vivimbe vidogo kwenye mizizi. Ndani ya vivimbe vile bakteria wanachukua nitrojeni ya hewani na kumpa mmea, na mmea unaigeuza kuwa protini. Virtanen aliisoma habari hii miaka mingi. Hesabu yake ilikuwa rahisi: kama hewa inatoa nitrojeni bure, na klova inaigeuza kuwa protini, kwa nini mfugaji anunue protini kutoka ngambo? Apande klova.

Shida ni kuihifadhi. Klova ikikaushwa, majani yake, palipo na protini, yanavunjika na kubaki shambani. Ikiwekwa shimoni mbichi, yaani kufanya ansilaji, inaoza haraka kuliko majani ya kawaida. Ansilaji ilijulikana zamani: unakata majani mabichi, unayashindilia ndani ya shimo au mnara, unafunika hewa isiingie, na bakteria wazuri wanayachachusha kama maziwa yanavyoganda. Chachu ile inayahifadhi. Lakini bakteria wazuri wanahitaji sukari, na klova ina sukari kidogo na protini nyingi. Wakichelewa, bakteria wabaya wanachukua nafasi. Wanavunja protini, shimo linatoa harufu mbaya, na mbegu za bakteria wale zinapita mpaka kwenye maziwa. Anayetengeneza jibini, ile fromaji ya Masisi kwa mfano, anajua jibini ambayo inavimba na kupasuka ikiwa ghalani. Mara nyingi ugonjwa ule unaanzia kwenye ansilaji mbovu. Kwa Valio, ambao waliuza jibini pia, haikuwa jambo dogo. Tena, hata kabla bakteria hawajafika, majani yaliyokatwa bado yanapumua. Yanakula sukari yao yenyewe, na shimo linapata joto.

Jibu la Virtanen lilikuwa hili: usingoje bakteria wazuri walete chachu polepole. Ilete wewe mwenyewe, siku ile ile, kwa nguvu. Alipima na kukuta kwamba majani yakifikishwa haraka chini ya kiwango cha 4 kwenye kipimo cha pH, kila kitu kinasimama. Kwenye kipimo kile maji safi yako kwenye 7, na ndimu karibu na 2. Chini ya 4 kupumua kwa majani kunakoma, bakteria wabaya hawawezi kuzaana, protini haivunjiki. Lakini asipite chini ya 3, juu ngombe hatakula. Kwa hiyo alichanganya asidi mbili, ya chumvi na ya salfa, akazipunguza nguvu kwa maji, na kunyunyizia kila tabaka la majani kadiri lilivyoshindiliwa. Asidi ya salfa ni ile ile inayowekwa ndani ya batri ya gari. Ya chumvi ni ndugu ya ile iliyo tumboni mwa kila mtu.

Mtu anaelewa kwa nini wakulima waliogopa. Kumwagia chakula cha ngombe maji ya batri! Na hofu yao haikuwa ya ujinga. Asidi ilitoboa nguo, ilichoma ngozi, ilikula saruji ya minara. Wataalamu nao waliuliza maswali magumu: je, asidi ile haitamaliza chokaa ndani ya mifupa ya ngombe? Mimba itakuwaje? Maziwa ya watoto je? Virtanen hakujibu kwa maneno matupu. Miaka ya mwisho ya 1920 njia ilipelekwa mashambani, ngombe wakapimwa, maziwa yakapimwa, siagi ikapimwa. Kwa ajili ya mifupa, ngombe walipewa chokaa na soda pamoja na chakula, ili kupunguza ukali ule. Matokeo yalionekana kwa macho kwanza: siagi ya wakati wa theluji ikawa ya njano. Majani yaliyotoka shimoni mwezi wa pili yalikuwa bado na protini yake karibu yote, na vitamini.

Yeye mwenyewe alinunua shamba karibu na Helsinki mwaka wa 1933, ili ajaribu fikra zake kwenye udongo wake. Wakati huo alikuwa tayari profesa, na chakula cha AIV kilikuwa kimevuka mipaka, kimefika Sweden, Norway na kwingineko Ulaya. Katika kila inchi hakikupokelewa sawa. Palipo na jua la kutosha kukausha majani, wafugaji hawakuona sababu ya kushika asidi kali, na mtu hawezi kuwalaumu.

Kisha vita. Mwisho wa Novemba 1939 jeshi la Sovieti lilishambulia Ufini. Inchi ilipigana mara mbili na Sovieti, mpaka 1944, na ikapoteza sehemu ya mashariki pamoja na muji wa Viipuri, ambamo Virtanen alikuwa amesoma. Watu zaidi ya 400,000 waliacha makao yao. Walitembea barabarani na ngombe wao mbele, jambo ambalo wakaaji wa Rutshuru au Djugu hawana haja ya kuelezewa. Mashudu ya kutoka ngambo yakawa adimu. Ile protini ya nyumbani, klova na majani ya shimoni, iliacha kuwa habari ya faida tu. Ikawa habari ya mtoto kupata maziwa ao kukosa.

Mwaka wa 1945 Virtanen alipewa Tuzo la Nobel la kemia, kwa utafiti wake katika kilimo na lishe, na hasa kwa njia ya kuhifadhi chakula cha mifugo. Akawa Mfini wa kwanza kupata Nobel ya sayansi. Wengi wanaopata tuzo lile wamegundua mambo ambayo mtu wa kawaida hayagusi kamwe. Yeye alilipata kwa shimo la majani.

Hakupumzika. Kuanzia 1948 mpaka 1963 aliongoza Akademia ya Ufini, lakini laboratuari hakuiacha. Aliishi maisha ya kawaida, hakuwa na gari lake, hakuvuta sigara wala kunywa pombe. Alichunguza kama kabichi na mimea ya jamii yake, ambayo ngombe wanalishwa, inapitisha ndani ya maziwa vitu vinavyoleta tezi la shingo kwa watoto. Alikuta kwamba kinachopita ni kidogo sana. Ni swali la ukoo mmoja na lile ambalo watafiti waliuliza katika miaka hiyo hiyo ya 1960 kwenye kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, kuhusu tezi na muhogo.

Jaribio lake la mwisho kubwa linashangaza mpaka leo. Mwanzo wa miaka ya 1960, mzee Virtanen alichukua ngombe wa maziwa na kuwaondolea protini yote katika chakula. Waliachiwa wanga, sukari, nyuzi za mimea zilizosafishwa, madini, vitamini, na mahali pa protini waliwekewa urea, ile ile ya mbolea, pamoja na chumvi za amonia. Walizoezwa polepole. Viumbe vidogo ndani ya tumbo kubwa la ngombe vilichukua nitrojeni ya urea na kuijenga upya kuwa protini. Ngombe wale walikamuliwa, na wengine walifikisha zaidi ya kilo 4,000 za maziwa kwa mwaka. Mwaka wa 1966 alichapisha matokeo. Anayesoma habari hii asikimbilie mfuko wa mbolea: urea ikizidi kidogo, ao ikipewa kwa ghafula, inaua ngombe kwa saa chache. Ngombe wa Virtanen walipimiwa kila gramu.

Alifariki Helsinki tarehe 11 Novemba 1973, akiwa na umri wa miaka 78. Wakati huo zile asidi mbili za kwanza zilikuwa zinaacha nafasi kwa asidi ya fomiki, ambayo inapatikana kwa asili ndani ya baadhi ya sisimizi, na haihitaji kupewa ngombe chokaa na soda. Ngozi bado inaichoma. Wafugaji wengi wa Ufini wanaitumia mpaka sasa wanapovuna majani, na jina lake lina herufi zile zile tatu, AIV.