Martin Kayamba, Karani Aliyewasemea Wenzake

Martin Kayamba alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891. Jamaa zake walikuwa Wabondei, na baba yake alikuwa mwalimu. Alisoma Kiungani, kisha akashika kazi ya ukarani. Vita vya 1914 vilipoanza, Wadachi walimtia kifungoni.

Vita vilipokwisha alikuwa karani wa serikali huko Tanga. Siku zile makarani Waafrika walikuwa wachache, wa makabila mbalimbali, wala hapakuwa na mtu wa kuwasemea. Mwaka 1922 aliwakusanya, Waislamu kwa Wakristo, wakaanzisha chama chao. Humo walijadili haki zao, wakasoma magazeti na kucheza mpira.

Mwaka 1931 alikwenda London pamoja na wajumbe wenzake wawili. Kamati ya Bunge iliwauliza kama Tanganyika iunganishwe na Kenya na Uganda. Wakakataa, maana waliogopa nchi isije ikatawaliwa na masetla wa Kenya. Muungano ule haukufanywa.

Wako waliomlaumu kwamba alikuwa karibu mno na serikali. Hata hivyo, umoja alioupanda haukunyauka. Mwaka 1929 ilizaliwa African Association, nayo mwaka 1954 ikageuka kuwa TANU.

Sisi wanafunzi wa Galula tujifunze neno moja kwake: aliyepata elimu asiitumie kwa kujaza tumbo lake tu, bali awe pia mdomo wa wale wasiosikika.