Waruhiu Itote: jenerali wa pori aliyeingia kazi ya kujenga inchi

Mara hii tunawaletea maisha ya mutu wa Kenya, Waruhiu Itote. Watu mingi walimujua kwa jina lake la vita: General China. Tumemuchagua juu ya sababu moja. Yeye alirudi kutoka vitani mara mbili. Mara ya kwanza hakukuta nafasi ya maana, na nyuma ya miaka saba alikuwa tena na bunduki mukononi. Mara ya pili alikuta kazi, na hakurudi vitani tena. Hapa Bukavu, kwenye mitelemko ya Kadutu, Ibanda na Bagira, tunaona kila siku wademobilize wakibeba muchanga na briki kwenye nyumba za wengine. Kwa hiyo habari ya Itote haiko mbali na sisi.

Alizaliwa mwaka wa 1922 katika kijiji cha Kaheti, upande wa Nyeri, karibu na Mulima Kenya. Hakusoma sana. Alipokuwa kijana alienda Nairobi kutafuta maisha, akajaribu biashara ndogo pamoja na wenzake. Lakini wakati ule Mwafrika hakuweza kufungua biashara kama vile anataka, juu makaratasi ya ruhusa yalikuwa mukononi mwa wakoloni.

Mwaka wa 1942 aliingia jeshi la King's African Rifles. Walimupeleka Ceylon, kisha Burma, kupigana na Wajapani katika pori na mvua. Huko Burma hata sisi Wakongomani tulifika: inchi yetu ilituma kundi la wauguzi wa jeshi kutunza maaskari walioumia. Na hapa kwetu, Kambi Saio inabeba jina la mahali pa Ethiopia ambapo maaskari wa Force Publique waliwashinda Waitaliano mwaka wa 1941. Wazee wetu nao walipigana vita ya wengine, wakarudi.

Itote alifika kwenye cheo cha koplo. Lakini kile alichokuja nacho kutoka Burma hakikuwa cheo. Alikutana na maaskari weusi wa Marekani na watu wa India waliokuwa wanadai uhuru wao, na wote walimufanya ajiulize alikuwa anapigana juu ya nani. Aliona pia kama Muzungu naye anaogopa, anaumia na anakufa.

Vita ikaisha mwaka wa 1945. Karibu Waafrika 100,000 wa Kenya walikuwa wametumika katika ile vita. Serikali ya wakoloni iliwapangia maaskari wazungu mashamba. Kwa Waafrika kulikuwa pesa kidogo za kuagana na, kwa wachache, masomo ya kazi za mikono kama yale ya Kabete, karibu na Nairobi, ambako mutu aliweza kujifunza umasoni na useremala. Nafasi zilikuwa kidogo kuliko watu. Itote aliuza makaa, kisha akapata kazi ya kuchochea moto kwenye mashini za gari la moshi. Alikuwa mutu aliyeongoza wenzake vitani, na sasa alikuwa anatupa makaa ndani ya moto, na mbele yake hakukuwa ngazi ya kupanda.

Njo wakati ule aliingia katika siasa, katika chama cha Kenya African Union, na kisha katika kiapo cha Mau Mau. Mwaka wa 1952 aliingia pori la Mulima Kenya na kuwa mukubwa wa wapiganaji wa upande ule. Yote aliyofundishwa na Waingereza juu ya vita ya porini, sasa aliyatumia juu yao: kupanga vikundi, kuweka walinzi, kupeleka habari. Jeshi lililomufundisha kupigana halikumufundisha kazi nyingine.

Tarehe 15 Januari 1954 alikamatwa akiwa ameumizwa na risasi. Tribinali ya Nyeri ikamukatia hukumu ya kufa. Lakini alikubali kusaidia mazungumzo ili wapiganaji watoke porini, na hukumu ya kufa ikaondolewa. Mazungumzo hayakufaulu. Kati ya wenzake kulikuwa walioona kama aliwauza. Wengine waliona kama alitafuta kuokoa watu. Hilo neno lilimufuata maisha yake yote, na hatutalificha hapa. Sisi tuliorudi tunajua namna mutu anaweza kurudi nyumbani na bado watu wanamuangalia na jicho la pembeni.

Walimufunga Lokitaung, kaskazini kabisa mwa Kenya, kwenye jua na mawe. Huko alikuta Jomo Kenyatta na wafungwa wengine wa siasa. Kenyatta akamufundisha Kiingereza. Kwa hiyo mutu aliyeacha masomo akiwa kijana alirudi darasani akiwa mufungwa, na umri wake ulikuwa umepita miaka 30. Alitoka kifungoni mwaka wa 1962, na baadaye alipelekwa Israel kwa masomo ya kijeshi.

Kenya ikapata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Wapiganaji wakaanza kutoka porini. Wengi hawakukuta shamba wala kazi. Wengine walikataa kuweka silaha chini mupaka wapate udongo waliopigania. Mumoja wa wakubwa wao, Baimungi, aliuawa mwaka wa 1965, na serikali iliyomuua ilikuwa ya Waafrika wenzake. Hatari ilikuwa wazi: kijana mwenye kujua bunduki tu, na mwenye njaa, hawezi kukaa kimya siku mingi.

Mwaka wa 1964 serikali ikaanzisha National Youth Service, yaani kazi ya vijana kwa ajili ya taifa. Mukurugenzi alikuwa Geoffrey Griffin, Muzungu aliyezaliwa Kenya, aliyekuwa ofisa katika jeshi la wakoloni wakati wa Mau Mau kabla ya kuliacha na kuanza kusaidia watoto na vijana. Itote akawekwa kati ya viongozi, chini yake. Fikirini: watu wawili waliokuwa kila mumoja upande wake wa vita, sasa ni mukubwa na musaidizi wake katika kazi moja. Mazoezi yalifanyika Gilgil. Vijana walitoka makabila yote, na kati yao kulikuwa waliotoka porini.

Mupango wenyewe ulikuwa rahisi kuelewa. Kijana alipata uniforme, chakula, mahali pa kulala na pesa kidogo kila mwezi. Alianza na mazoezi na kusoma. Kisha alitumwa kwenye kazi: kufungua barabara, kuchimba mabwawa, kusafisha pori, kulima. Nyuma ya pale alijifunza ufundi: umasoni, useremala, mabomba ya maji, umeme, mitambo. Alipotoka, alikuwa na kazi mukononi na karatasi ya kuonyesha mutu anayejenga. Nizamu ya kijeshi haikutupwa; iligeuzwa. Kuamka mapema, kutii mupango, kutunza chombo, kutomuacha mwenzako: kila masoni mwema anayahitaji hayo.

Itote alibaki katika ile kazi mupaka mwaka wa 1984, miaka 20. Katikati yake, mwaka wa 1967, alitoa kitabu cha maisha yake. Haikuwa kazi ya miujiza. Wapiganaji wazee wengi, waliopita umri wa vijana, walibaki masikini. Itote mwenyewe alikufa mwaka wa 1993, na sheria iliyokataza Mau Mau iliondolewa tu mwaka wa 2003, miaka kumi nyuma ya kifo chake.

Tunajifunza nini? Kwamba vifaa peke yake havitoshi. Mutu akipewa mwiko, nivo na nyundo bila fundi wa kumufundisha, ataviuza wakati watoto watalala njaa. Na fundi bila karatasi anabaki kibarua wa wengine, hata kama anajua kupandisha ukuta kumushinda mwenye shantie. Inahitaji muda, na chakula ndani ya ule muda.

Kwa hiyo tunawaomba. Mwanamemba masoni ao seremala, ukipata shantie, chukua pamoja nawe mumoja aliyetoka jeshini ao katika kikundi cha porini, na umufundishe kweli, usimuache kwenye muchanga tu. Katika MUSO zetu, tusimukatalie mukopo wa sanduku ya kijani juu ya pale alipotoka. Nanyi wafadhili, munapotoa vifaa, toeni pia miezi ya masomo. Itote alihitaji kurudi mara mbili ndipo apate kazi ya kujenga. Huyu wetu amerudi. Tumushike katika kurudi kwa kwanza.