Stanley Matthews: Winga aliyeutunza mwili wake akacheza hadi miaka 50

STANLEY Matthews alikuwa na umri wa miaka 50 na siku tano alipoingia uwanjani mjini Stoke-on-Trent, Uingereza, mnamo Februari 6, 1965, kuichezea Stoke City mechi ya ligi ya divisheni ya kwanza dhidi ya Fulham. Stoke ilishinda kwa mabao 3-1. Wengi wa wanasoka waliokuwa uwanjani alasiri hiyo hawakuwa wamezaliwa winga huyo alipoivalia klabu hiyo jezi kwa mara ya kwanza mnamo 1932.

Mashabiki wa kandanda humkumbuka Matthews kwa chenga zake. Alikuwa akimsogelea beki taratibu, anauinamisha mwili upande mmoja, kisha anachomoka upande wa pili na mpira. Kila beki alijua hila hiyo, na bado ikawashinda. Lakini chenga zinaweza kuwa kipaji cha kuzaliwa nacho. Miguu ya kuzipiga kwa zaidi ya miaka 30 haiwezi. Hiyo aliitafuta mwenyewe, alfajiri baada ya alfajiri, aghalabu akiwa peke yake.

Alizaliwa Februari 1, 1915, katika mtaa wa Hanley, mwana wa tatu kati ya wavulana wanne. Babake, Jack Matthews, alikuwa kinyozi mchana na bondia wa uzani wa unyoya jioni, na watu wa Hanley walimfahamu kwa kazi zote mbili. Mzee huyo hakuamini kwamba mwili hujijenga wenyewe. Saa kumi na mbili alfajiri aliwaamsha wanawe, akawasimamisha mbele ya dirisha lililo wazi, baridi iwe kali au la, wavute pumzi kwa kina na kunyoosha viungo.

Jack alitaka Stanley arithi glavu zake za ndondi. Mtoto alitaka mpira. Wakaafikiana kwamba akiteuliwa katika timu ya taifa ya wanafunzi wa shule, angeruhusiwa kuufuata mchezo anaoupenda. Aliteuliwa mnamo 1929. Akiwa na umri wa miaka 15 aliajiriwa na Stoke City kama tarishi wa ofisini kwa pauni moja kwa wiki, na siku alipotimiza miaka 17 akatia sahihi mkataba wa kulipwa. Miaka miwili baadaye alikuwa akiichezea timu ya taifa.

Ili kuelewa jinsi alivyokuwa tofauti, msomaji hana budi kujua klabu za siku hizo zilivyowatayarisha wachezaji. Mazoezi yalikuwa kuzunguka uwanja mbio baada ya mbio. Katika klabu nyingi mpira wenyewe ulifichwa hadi Jumamosi, kwa imani kwamba mchezaji aliyenyimwa mpira wiki nzima angeutamani zaidi siku ya mechi. Kabla ya mchuano watu walikula mnofu wa ng'ombe, kwa kudhani nguvu za nyama zingefika miguuni ndani ya saa mbili tatu. Baada ya mchuano, bia. Sigara zilivutwa hata katika vyumba vya kubadilishia mavazi, na hakuna aliyeshangaa.

Matthews hakuvuta sigara wala hakunywa pombe. (Hilo halikumzuia, mapema katika miaka ya 1950, kukubali picha yake itumike kutangaza sigara za Craven A. Tutaona punde kwa nini mchezaji wa enzi hiyo hakuwa na ubavu wa kukataa fedha za pembeni.)

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilimnyang'anya miaka sita ambayo kwa mwanasoka ndiyo miaka ya mavuno. Alihudumu katika jeshi la wanahewa, kambini karibu na mji wa pwani wa Blackpool. Mnamo 1945, babake akiwa kitandani karibu kukata roho, alimwachia mwanawe wosia wa mambo mawili: amtunze mamake, na siku moja ashinde nishani ya Kombe la FA.

Wosia huo ulionekana kuwa mzigo usiobebeka. Vita vilipokwisha Matthews alikuwa na zaidi ya miaka 30, na meneja wa Stoke, Bob McGrory, hakuwa na imani naye tena. Wawili hao walikosana. Mnamo Mei 1947, timu ikiwa bado inawania ubingwa wa ligi, Stoke ilimuuza kwa Blackpool kwa pauni 11,500. Mwezi uliofuata ilishindwa katika mechi yake ya mwisho ugenini kwa Sheffield United, na ubingwa ukaponyoka. Meneja wa Blackpool, Joe Smith, alitarajia kumtumia kwa misimu miwili hivi. Alikaa 14.

Ni huko Blackpool alikoufanya utunzaji wa mwili kuwa kama ibada. Alfajiri, kabla watalii hawajaamka, alikuwa ufuoni akikimbia. Hakukimbia masafa marefu tu, bali pia mbio fupi za kufyatuka, kwa sababu winga haishi kwa maili. Huishi kwa hatua chache za kwanza baada ya kumhadaa beki. Asiyekuwa na kasi hiyo, chenga zake huwa mchezo wa kuwafurahisha watoto tu.

Chakula chake kilikuwa matunda, mboga, saladi na maji ya karoti. Siku ya Jumatatu alifunga, hali chochote, ili tumbo lipumzike baada ya wikendi. Alilala mapema. Wenzake walimcheka, na mashabiki wa baa waliona ni vituko vya mtu anayeogopa kuzeeka. Wataalamu wa lishe wa leo pia wangekuwa na neno la kusema. Kwao, saa zinazofuata mechi ni wakati wa kuirudishia misuli wanga iliyotumika, na kufunga kutwa nzima hakungependekezwa na wengi. Lakini katika jambo la msingi, kwamba kinachoingia mdomoni Jumanne huonekana miguuni Jumamosi, aliwatangulia kwa miongo mingi.

Hata viatu alivitazama kwa jicho hilo. Katika Kombe la Dunia la 1950 nchini Brazil aliona wanasoka wa Amerika Kusini wakicheza kwa njumu nyepesi, ilhali Waingereza waliburura mabuti mazito ya kufunika vifundo. Aliporudi alitengenezewa za kwake, laini kiasi kwamba hazikudumu mechi nyingi.

Ni nini kilichomsukuma? Haikuwa fedha, maadamu fedha zenyewe hazikuwapo. Sheria za soka ya Uingereza ziliweka kikomo cha mshahara, ambacho hata kilipofutwa Januari 1961 kilikuwa pauni 20 tu kwa wiki, awe ni nyota au mchezaji wa kawaida. Fauka ya hayo, klabu ilimmiliki mchezaji hata mkataba wake ulipokwisha. Matthews alijaza viwanja kokote alikokwenda, lakini malipo yake yalilingana na ya wenzake ambao hakuna aliyetoka nyumbani kwenda kuwatazama. Aliendesha hoteli ndogo Blackpool pamoja na mkewe ili kujazia. Mtu wa namna hiyo anajua kwamba siku miguu itakapogoma, riziki nayo itakoma. Juu ya hofu hiyo palikuwa na ahadi aliyompa marehemu babake.

Blackpool ilifika fainali ya Kombe la FA mnamo 1948 ikalazwa 4-2 na Manchester United. Ikafika tena 1951, Newcastle ikaichapa 2-0. Mnamo Mei 2, 1953, Matthews akiwa na miaka 38, ilikuwa nyuma 3-1 dhidi ya Bolton zikiwa zimesalia dakika kama 20 hivi.

Kilichofuata ni kisa cha pumzi kuliko ufundi. Siku hizo mchezaji aliyeumia hakuweza kubadilishwa. Eric Bell wa Bolton alikuwa ameumia mguu mapema, na beki wao wa kushoto, Ralph Banks, misuli ilikuwa imemkaza. Upande huo wa walinzi waliochoka ndio Matthews alioushambulia, tena na tena, mtu mzima mwenye mapafu ya kijana. Stan Mortensen alifunga bao lake la pili, kisha la tatu dakika ya 89. Sekunde za mwisho Matthews alimtoka beki, akamega mpira nyuma, na Bill Perry akaufunga. Blackpool 4, Bolton 3. Fainali hiyo ilipewa jina la Matthews ingawa Mortensen ndiye aliyefunga mabao matatu, jambo ambalo Matthews mwenyewe hakulifurahia.

Mnamo 1956, akiwa na miaka 41, alimsumbua Nilton Santos wa Brazil uwanjani Wembley, Uingereza ikashinda 4-2, na mwaka huo huo akawa wa kwanza kabisa kutuzwa Ballon d'Or. Oktoba 1961 Stoke, iliyokuwa ikidorora divisheni ya pili, ilimrejesha nyumbani akiwa na miaka 46. Mechi ya nyumbani iliyotangulia ilikuwa imetazamwa na watu 8,000 hivi. Ya kurudi kwake ilivuta zaidi ya 35,000. Mnamo 1963 Stoke ilipanda daraja, naye akachaguliwa mwanasoka bora wa mwaka. Mapema 1965 alitunukiwa cheo cha Sir. Katika mechi ya kumuaga, Ferenc Puskás na Lev Yashin walimbeba mabegani. Baadaye alishikilia kwamba alistaafu mapema mno.

Alikuwa amekwisha kuizoea Afrika. Kwa miaka mingi tangu 1953 alitumia likizo zake kufunza watoto soka barani humu, zikiwemo Ghana, Nigeria, Uganda na Tanzania. Mnamo 1975, utawala wa ubaguzi wa rangi ukiwa umeikaba Afrika Kusini, aliunda timu ya wanafunzi weusi wa Soweto, wakajiita Stan's Men, akawapeleka Brazil.

Alifariki Februari 23, 2000, akiwa na miaka 85. Usiku huo Uingereza ilikuwa ikicheza na Argentina mjini London, na uwanja mzima ulisimama kimya kumkumbuka. Majivu yake yalizikwa chini ya duara la katikati ya uwanja mpya ambao Stoke City ilihamia mnamo 1997.