Eric Shipton, Mtafutaji wa Njia Miambani

Ndugu wahitimu wenzangu, pamoja nanyi vijana mlioko shuleni hivi sasa,

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike habari za maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kufariki, ambaye vijana wetu wanaweza kujifunza jambo kwake. Pengine wengi mlitazamia nimchague mwanasiasa, au mmoja wa watemi wa zamani wa Usukumani. Nimemchagua mkwea milima, nami ninayo sababu. Katika mkutano wetu wa mwaka huu liko jambo la kuamuliwa: je, Umoja wetu utoe fedha za kununua kamba na kofia ngumu, na kumlipa mwalimu wa kuwafundisha vijana kukwea miamba, au tuendelee kuwakataza tu? Wanafunzi wanapanda mawe yaliyo nyuma ya shule kila Jumamosi, pekupeku na bila kamba, kama tulivyofanya sisi. Makatazo hayajapata kumshusha mtoto jiweni. Basi kabla hatujapiga kura, yafaa tumfahamu Eric Shipton.

Shipton alizaliwa tarehe 1 Agosti, 1907, katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo huitwa Sri Lanka. Baba yake alikuwa mkulima wa chai, naye alifariki kabla mtoto hajatimiza miaka mitatu. Mama yake alikuwa mtu wa safari, hivyo mtoto alikua akihamahama. Shuleni alitaabika sana. Kusoma kulimshinda kwa miaka mingi, akawa wa nyuma darasani, na mtihani wa kuingia katika shule maarufu ya Harrow huko Uingereza ukamwangusha. Vijana ambao matokeo ya mitihani yamewavunja moyo na wakumbuke hapo, kwa sababu mtoto huyo huyo baadaye aliandika vitabu kadhaa, na vitabu hivyo vinasomwa mpaka leo.

Alichokuwa nacho ni jicho la kutazama nchi. Wakati wa likizo alikwenda milima ya Alps, akajifunza kukwea mwamba na barafu. Mwaka 1928, akiwa na umri wa miaka 21, alipanda meli kuja Kenya kujifunza kilimo cha kahawa karibu na Nyeri. Tusisahau ilikuwa Kenya ya namna gani. Ardhi nzuri ya nyanda za juu ilikuwa imetengwa kwa walowezi wa Kizungu, na Mwafrika aliyeitazama Kirinyaga tangu kuzaliwa kwake hakuhesabiwa kuwa mkwea mlima, hata pale alipobeba mizigo ya wakwea milima mgongoni. Habari za Shipton haziwezi kusimuliwa kwa haki bila kulisema jambo hilo.

Kutoka shambani Nyeri, kijana huyo aliuona Mlima Kenya kila asubuhi mawingu yalipokuwa hayajaufunika. Kilele chake kikuu, Batian, chenye urefu wa mita 5,199, kilikuwa kimefikiwa mara moja tu, mwaka 1899, na Halford Mackinder pamoja na viongozi wawili wa Alps, César Ollier na Joseph Brocherel. Kwa karibu miaka 30 hakuna mwingine aliyefika. Shipton hakuwa na fedha za safari kubwa, wala hakuwa huru na kazi. Alikuwa na likizo fupi, rafiki mmoja na kamba. Rafiki huyo alikuwa Percy Wyn Harris, afisa kijana wa serikali ya kikoloni.

Mwezi Januari 1929 wakaenda. Walijaribu upande mmoja wa mlima, wakaona hauwezekani, wakarudi. Hawakushupaza shingo. Wakauzunguka mlima wakiutazama, wakitafuta ufa unaoungana na ufa, na mahali padogo pa kusimama panapofuatiwa na pengine. Hatimaye wakaipata njia kwenye uso wa kusini-mashariki. Wakafika Nelion, kilele cha pili chenye mita 5,188, ambacho hakuna mtu aliyejulikana kuwa amekifikia kabla yao. Kutoka hapo wakavuka mwanya uitwao Lango la Ukungu, wakafika Batian. Njia ile waliyoitafuta kwa macho ndiyo njia ya kawaida ya Nelion hata sasa.

Habari zilipoenea, mlowezi mwingine, Bill Tilman, akamwandikia Shipton barua. Tilman alikuwa na umri mkubwa kuliko yeye kwa karibu miaka kumi, mtu mkimya aliyepigana katika Vita Kuu ya Kwanza. Wakawa marafiki. Mwaka 1930 walikwenda Kilimanjaro na kukwea Mawenzi, na mwaka huo huo wakaupanda Mlima Kenya kwa mgongo wake wa magharibi, njia ngumu ambayo haikuwahi kupitwa, kisha wakashukia upande wa pili. Mwaka 1932 walikwenda Ruwenzori. Milima hiyo yote waliiendea katika likizo zao za shamba, na wakirudi waliendelea na kazi ya kahawa.

Liko jambo moja la mwaka ule wa 1930 ambalo ningependa kila mzazi alisikie. Walipokuwa wakishuka kutoka kilele kidogo cha Mlima Kenya kiitwacho Midget, Tilman aliteleza. Alianguka, akaning'inia, akapoteza fahamu. Shipton, aliyekuwa juu yake, aliishikilia kamba. Bila kamba ile Tilman angekufa siku hiyo, na habari zake zingeishia hapo. Aliishi miaka 47 zaidi. Mwaka 1936 alifika kilele cha Nanda Devi huko India, mita 7,816, na alipokuwa mzee akawa baharia wa bahari zenye barafu. Kamba moja iliyoshikwa na mtu anayejua kuishika ndiyo iliyompa miaka yote hiyo.

Mwaka 1931 Shipton alikwenda Himalaya akiwa mmoja wa waliokifikia kilele cha Kamet, mita 7,756, ambacho wakati huo kilikuwa kilele kirefu kuliko vyote vilivyopata kufikiwa na binadamu. Lakini sifa yake kubwa ilikuwa kutafuta njia. Mwaka 1934 yeye na Tilman, pamoja na Washerpa watatu tu, Angtharkay, Pasang na Kusang, walipita katika korongo la mto Rishi Ganga, wakaingia katika bonde lililozunguka Nanda Devi, mahali ambapo wengi walikuwa wamejaribu kufika wakashindwa. Walikula chakula kidogo na kubeba mizigo yao wenyewe sawa na Washerpa. Siku zile misafara mingine ilikuwa na mamia ya wapagazi. Shipton aliamini kwamba safari njema hupangwa kwenye kipande cha karatasi, na kwamba mwenyeji wa milima ni mwenzi wa safari.

Mwaka 1935 aliongoza msafara wa kuupeleleza mlima Everest. Katika kuchagua wapagazi huko Darjeeling akamchukua kijana mmoja asiye na uzoefu, jina lake Tenzing Norgay. Mwaka 1951 akaongoza tena msafara wa upelelezi, safari hii kupitia Nepal, akakubali kumchukua mfuga nyuki mmoja kutoka New Zealand, Edmund Hillary. Wawili hao, Shipton na Hillary, walipanda ubavu wa mlima Pumori, na kutoka hapo wakaiona njia ya Everest ambayo watu wa nje walidhani haipo.

Kisha likaja pigo. Mwaka 1952 kamati iliyokuwa London ilimwondoa katika uongozi wa msafara wa mwaka uliofuata. Waliona anapenda mno misafara midogo, nao walitaka ushindi wa haraka, kwa kuwa Wafaransa walikuwa wamepata ruhusa ya mwaka 1954. Uongozi akapewa John Hunt. Tarehe 29 Mei, 1953, watu wawili walisimama juu ya Everest, nao walikuwa Hillary na Tenzing. Wote wawili Shipton ndiye aliyewachagua kwa mara ya kwanza, na njia waliyoipita yeye aliiona kabla yao. Mwenyewe hakuwepo.

Miaka iliyofuata ilikuwa michungu. Kwa muda mfupi alikuwa mkuu wa shule ya Outward Bound huko Eskdale, Uingereza, inayofundisha vijana ujasiri na ushirikiano milimani. Ndugu ya shule hiyo ilianzishwa Loitokitok, Kenya, chini ya Kilimanjaro. Kisha ndoa yake ikavunjika, kazi ikamtoka, akawa kibarua wa msituni. Lakini hakukaa akilia. Alipopita umri wa miaka 50 alianza kwenda Patagonia, kusini kabisa mwa Amerika, na katika msimu wa 1960 na 1961 akavuka kwa miguu uwanja mkubwa wa barafu wa huko pamoja na wenzake watatu. Alifariki Uingereza tarehe 28 Machi, 1977. Mwaka huo huo rafiki yake Tilman alipotea baharini katika Atlantiki ya Kusini.

Sasa turudi nyumbani, tuone maisha hayo yanatuambia nini sisi watu wa Simiyu.

Kwanza, tusiseme kwamba milima iko Moshi na Nyeri tu. Shipton alianza na kile alichokiona kutoka shambani kwake. Sisi tunaoishi Mwanza tumezungukwa na mawe mpaka mji umeitwa Mji wa Miamba, na Jiwe la Bismarck linasimama ziwani kama mlinzi. Ukipanda basi asubuhi kuja Bariadi, utaona vilima vya mawe vimekaa mashambani kama mifugo iliyolala. Mawe hayo ni graniti, miongoni mwa miamba ya kale sana duniani, yenye zaidi ya miaka bilioni 2.5. Wakwea miamba wa Nairobi wana Lukenya na Hell's Gate, mahali wanapofika na kurudi siku moja. Sisi tunayo yetu, ila hatujayatafuta.

Pili, kutafuta kuna utaratibu wake. Lizunguke jiwe lote kwanza, kama Shipton alivyouzunguka Mlima Kenya, ukajue utashukia wapi kabla hujapanda. Ligonge kwa ngumi: graniti hubanduka maganda kama kitunguu, na ganda lililoachana na mwamba hutoa sauti ya mtungi mtupu. Hapo usishike. Nenda asubuhi kabla jua halijalichoma jiwe. Mawingu ya radi yakianza kujikusanya, shuka, maana kando ya ziwa letu radi si jambo la mzaha. Ukiona nyuki katika ufa, waachie nyumba yao. Nyoka na chui nao hupenda vivuli vya mawe.

Tatu, uliza wenyeji. Wachunga ng'ombe wa Ntuzu wanayajua mawe kuliko ramani yoyote. Liko jiwe ambalo juu yake mama fulani anaanika michembe, na liko jiwe ambalo wazee hufanyia tambiko. La kwanza huombwa kwa mwenye shamba, la pili huachwa. Mawe mazuri ya Serengeti, kama ya Moru, yamo ndani ya hifadhi, na Pori la Akiba la Maswa nalo lina sheria zake. Huko haendi mtu bila kibali.

Nne, na hili ndilo zito. Mkoa wetu ulizaliwa mwaka 2012, na tangu hapo tumejenga sana, jambo la kufurahisha. Lakini nyumba na barabara zinahitaji kokoto, na kokoto hutoka katika mawe haya haya. Akina mama wanaopasua mawe hawana kosa, wanatafuta chakula cha watoto. Hata hivyo jiwe likishapasuliwa halioti tena. Tusipoyaorodhesha mawe machache bora na kuzungumza na serikali za vijiji ili yahifadhiwe, wajukuu wetu watayaona katika picha tu.

Wako watakaosema mkutanoni kwamba huu ni mchezo wa Wazungu, na kwamba fedha hizo zingefaa kununua madawati. Madawati tununue pia. Lakini tarehe 9 Desemba, 1961, aliyewasha Mwenge wa Uhuru juu ya Kilimanjaro alikuwa Mwafrika, Alexander Nyirenda, naye hakufika pale kwa kukatazwa kupanda. Isitoshe, swali lililo mbele yetu si kama vijana wapande au wasipande. Wanapanda sasa hivi. Swali ni kama siku kijana mmoja atakapoteleza, patakuwa na kamba, na juu yake patakuwa na mwenzake aliyefundishwa kuishika.

Pendekezo langu basi ni hili. Tununue kamba mpya, si ya kisimani wala ya kufungia ng'ombe. Tumlete mwalimu anayeijua kazi. Vijana wenyewe wapewe daftari, wazunguke kata baada ya kata, waandike kila jiwe: liko wapi, mwenyewe nani, urefu wake, njia ya kushukia, nyuki wapo au hawapo. Katika jarida la mwaka ujao tuichapishe orodha hiyo kwa majina yao.

Nitapiga kura ya ndiyo. Nanyi nawaomba mfanye hivyo hivyo. Nawatakia safari njema ya kuja mkutanoni.

Mhitimu mwenzenu,
Mwanza