Florence Nightingale: Muuguzi aliyezipima hospitali kwa hesabu

WENGI humkumbuka Florence Nightingale kila Mei 12, Siku ya Wauguzi Duniani, kama mwanamke aliyezunguka wodini usiku na taa mkononi. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa ya kalamu na hesabu, na mfugaji wa Kibaha ana la kujifunza humo.

Alizaliwa mwaka 1820 mjini Florence, Italia, katika familia ya Kiingereza yenye uwezo. Alipenda hisabati tangu ujana. Mwaka 1851 alijifunza uuguzi Ujerumani, ingawa nyumbani hawakuitaka kazi hiyo.

Novemba 1854, wakati wa vita ya Crimea, alifika na wauguzi 38 kwenye hospitali ya jeshi la Uingereza huko Scutari, Uturuki. Maradhi kama kipindupindu na kuhara yaliua askari wengi kuliko majeraha. Februari 1855 walikufa takribani 42 kati ya kila wagonjwa 100. Machi, tume ya usafi kutoka Uingereza ilianza kusafisha majengo na mifereji ya maji machafu. Kufikia Juni, vifo vilishuka hadi takribani viwili kwa kila 100.

Aliporejea kwao aligundua kuwa kila hospitali iliandika kumbukumbu kivyake, hivyo haikuwezekana kuzilinganisha. Mwaka 1860, mkutano wa kimataifa wa takwimu mjini London ulikubali pendekezo lake la fomu za aina moja: wagonjwa waliokuwepo, walioingia, waliopona, waliokufa na muda wa kulazwa. Baadhi ya hospitali zilijaribu, lakini mpango ukafifia kwa kuonekana ghali na mzito.

Hata hivyo, naye aliteleza. Katika kitabu chake cha hospitali cha mwaka 1863 alionyesha kuwa hospitali 24 za London zilikuwa na vifo karibu 91 kwa kila wagonjwa 100. Vifo 3,828 vya mwaka mzima wa 1861 viligawanywa kwa wagonjwa 4,214 waliokutwa vitandani siku moja tu, Aprili 8. Madaktari walimpinga vikali.

Kosa hilo ni rahisi kulifanya bandani. Mfugaji anayelea kuku wa nyama 200 kwa awamu, mara tano kwa mwaka, akipoteza 50, hasara si 25 kwa 100. Amelea kuku 1,000, hivyo hasara ni watano kwa 100.

Vivyo hivyo, kuilinganisha Tumbi, inayopokea majeruhi wa ajali za Barabara ya Morogoro, na zahanati ya kijijini kwa idadi ya vifo pekee ni kuionea. Lazima kuangalia pia uzito wa wagonjwa, idadi ya watumishi, vitanda na fedha.

Njia ya kuyapima hayo kwa pamoja ilitokana na kilimo. Mwaka 1957 mchumi Mwingereza, Michael Farrell, aliijaribu kwa takwimu za kilimo za majimbo 48 ya Marekani. Baadaye wachumi waliiendeleza na kuipeleka hospitalini.

Tanzania nayo ilianza mwaka 2015 kuvipima vituo vya afya ya msingi kwa nyota, kuanzia sifuri hadi tano, kwa vigezo vya aina moja.

Nightingale alifariki dunia London, Agosti 13, 1910, akiwa na miaka 90.