Tippo Tip: mukubwa wa Kasongo aliyeandika maisha yake mwenyewe

Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ule sisi wote tunamuita Tippo Tip, alizaliwa Zanzibar karibu mwaka 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mufanyabiashara mukubwa kule Tabora. Mutoto naye akaanza safari za biashara angali kijana. Wengine wanasema jina Tippo Tip ni mulio wa bunduki zake, wengine wanasema ni juu ya macho yake yaliyokuwa yanapepesa.

Mahali pa kwanza alipopata ukubwa huku kwetu, aliupata kwa hadithi. Karibu 1870 alipata habari ya Kasongo Rushie, sultani muzee wa Watetela upande wa Lomami, aliyenyanganywa dada zake wakati wa vita. Tippo Tip akatunga maneno: yeye ni mujukuu wa dada mumoja, aliyeuzwa mpaka pwani. Muzee akaamini, akamuachia usultani.

Katika 1874 akafika Nyangwe, kisha akakaa Kasongo, akaufanya kuwa muji wake mukubwa. Toka pale misafara ya pembe ilipita Kabambare, ikaenda ziwa Tanganyika, Ujiji, Tabora, mpaka pwani. Vijiji viliunguzwa. Watu walikamatwa, wakafungwa, wakabebeshwa mizigo, wakauzwa. Njia ile ile ilileta Kiswahili, njo maana mpaka leo tunasema Kingwana.

Mwaka 1876 alisindikiza Stanley kupita Nyangwe. Mwaka 1887 Leta ya Leopold II ikamuweka liwali wa Stanley Falls, ni Kisangani ya leo. Akaondoka huku 1890. Kisha vita ikawaka kati ya Leta na watu wake. Wabeleji wakakamata Kasongo mwaka 1893, na mutoto wake Sefu akafa katika vita ile.

Zanzibar, akiwa sasa muzee, Mudachi Heinrich Brode wa konsula ya Udachi akamuomba aandike maisha yake. Akaandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Brode akafanya kazi ya pili: akageuza herufi kuwa za Kizungu, akatafsiri kwa Kidachi, na maandiko yakatoka Berlin 1902 na 1903. Tippo Tip akafa Juni 1905. Nyuma, Whiteley akayatafsiri kwa Kiingereza, na Padri François Bontinck kwa Kifaransa, Brussels, 1974. Bila mukono wa hawa watu, maneno yale yangebaki ndani ya sanduku, yakaliwa na muchwa.

Lakini angalieni jambo moja, wandugu. Ndani ya kitabu kile pembe zinahesabiwa kwa frasila, na wakubwa wana majina yao. Wale walioibeba ile pembe kichwani toka Kasongo mpaka ziwa, karibu wote hawana jina. Haiko juu hawakuwa na la kusema. Hakuna mutu aliyeketi nao na kalamu. Mwenye kuandika njo mwenye kuchagua nani atakumbukwa.

Leo, Namoya na katika mashimo mengine ya Kabambare, uzito wa zahabu unaandikwa kila siku ndani ya kaye ya munuzi. Jina la kijana aliyefunikwa na udongo linaandikwa wapi? Wazee waliokumbuka kijiji mbele ya shimo, nani anawauliza?

Nunueni kaye moja kwa nyumba. Andikeni majina, miaka, mahali, namna kazi ilivyofanyika. Musiogope makosa ya herufi. Mwalimu wa masomo anaweza kunyoosha mustari, sawasawa Brode alivyofanya. Lakini mumuombe asibadilishe maneno yenu, na mbele ya kumaliza awasomee yote kwa sauti. Kama kuna pasipo ukweli, paondoke. Kama kuna jina limesahauliwa, liingie.