Fred Hollows: Tabibu wa macho aliyewarithisha wengine mkono wake

KATIKA chuo cha kijeshi kilichoko Lanet, karibu na barabara kuu ya kutoka Nairobi kuelekea Nakuru, afisa mwanagenzi hufunzwa mapema kwamba bunduki haitulizwi kwa nguvu. Huegemeza kiwiko, hulegeza mabega na kupumua polepole, kisha husubiri nukta ile fupi baina ya pumzi mbili ndipo afyatue risasi.

Mzee wa mtaa huohuo anayepelekwa mjini kuondolewa mtoto wa jicho huenda asijue kwamba tabibu atakayemwinamia akiwa na kisu mkononi hufuata kanuni zizo hizo. Tofauti ni kwamba shabaha ya askari iko mbali mbele yake, ilhali ya tabibu iko milimita chache tu chini ya vidole vyake.

Ukweli ni kuwa hakuna mkono wa binadamu usiotetemeka. Hata kijana mwenye afya njema akinyoosha vidole, misuli yake hucheza kati ya mara 8 na 12 kwa sekunde. Huu si ugonjwa, na kwa mkulima au seremala hauna uzito wowote. Kwa mpasuaji wa jicho, ni suala la mgonjwa kuona au kutoona.

Lenzi ya jicho imo ndani ya kifuko chembamba mno. Katikati ya ukuta wa nyuma wa kifuko hicho, unene wake ni maikromita chache, yaani haufikii sehemu moja ya kumi ya unene wa karatasi ya kuandikia. Ukuta huo ukipasuka, ute wa ndani ya jicho huweza kuchomoza mbele, na kazi ya nusu saa ikageuka msiba.

Swali la nani anaweza kufunzwa kuutawala mkono wake, na ni nani anayestahili kutibiwa na mkono huo, lilitawala maisha ya Dkt Fred Hollows. Jina la tabibu huyo bado linatajwa kwa heshima nchini Eritrea zaidi ya miaka 30 tangu afariki.

Hollows alizaliwa Aprili 9, 1929 katika mji wa Dunedin, New Zealand. Ujanani alidhamiria kuwa mhubiri na akaingia chuo cha mafunzo ya Biblia. Kazi ya muda katika hospitali ya wagonjwa wa akili ndiyo iliyomgeuza nia, akaamua kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Otago. Nyakati za mapumziko alipenda kupanda milima.

Mnamo 1961 alisafiri hadi Uingereza kujifunza utabibu wa macho katika hospitali ya Moorfields, London. Baadaye alikwenda Wales, ambako alishiriki utafiti wa ugonjwa wa presha ya macho miongoni mwa wakazi wa bonde la wachimba makaa ya mawe. Huko alijifunza kuwafuata watu wanakoishi badala ya kuwasubiri hospitalini.

Alihamia Sydney, Australia, mwaka wa 1965 na kuwa profesa mshiriki wa utabibu wa macho. Miaka mitatu baadaye alizuru kambi ya wenyeji asilia huko Wattie Creek, kaskazini mwa nchi. Aliyoyakuta yalimtia fadhaa. Katika taifa tajiri, watu walikuwa wakipofuka kwa trakoma, ugonjwa unaoenea panapokosekana maji safi na usafi wa uso.

Mnamo 1971 alisaidia kuanzisha zahanati ya wenyeji hao katika mtaa wa Redfern, Sydney. Kuanzia 1976 akaongoza mpango wa kitaifa uliozuru zaidi ya jamii 460 na kuwapima macho watu zaidi ya 100,000. Serikali ilipotaka kumtunukia nishani mwaka wa 1985, aliikataa, akilalamikia jinsi macho ya wenyeji yalivyopuuzwa.

Hata hivyo, ni safari yake ya 1987 iliyomfungamanisha na eneo letu la Afrika Mashariki.

Wakati huo wapiganaji wa Eritrea walikuwa katika vita vya ukombozi dhidi ya serikali ya Ethiopia. Katika bonde la Orotta walikuwa wamejenga hospitali iliyofichwa ardhini na chini ya miamba ili isionekane na ndege za kivita. Walitengeneza hata baadhi ya dawa wao wenyewe. Hollows aliwakuta madaktari hodari waliokosa vifaa, wala si akili.

Katika miaka hiyo upasuaji wa mtoto wa jicho ulikuwa na madaraja mawili. Mgonjwa wa nchi tajiri aliondolewa lenzi iliyoingia ukungu na kuwekewa nyingine ya plastiki papo hapo. Mgonjwa wa nchi maskini aliondolewa lenzi bila kuwekewa nyingine, akapewa miwani mizito yenye vioo vinene. Miwani ikipotea au kuvunjika, alirudi gizani.

Waliotetea hali hiyo walitoa sababu mbili. Kwanza, lenzi moja iligharimu zaidi ya dola 100. Pili, ilidhaniwa kuwa kazi hiyo ya hadubini ilikuwa ngumu mno kwa matabibu wa vijijini. Hollows alizipinga sababu zote mbili.

Ni kweli kwamba hadubini haina huruma kwa mkono. Hukuza jicho, lakini papo hapo hukuza mtetemo, na mwanafunzi anayechungulia kwa mara ya kwanza huona kifaa chake kikirukaruka kama unyasi kwenye upepo. Wengi hushtuka, na mshtuko huo huzidisha mtetemo.

Dawa yake kubwa ni ufundi. Kiti hupangwa kimo ambacho mabega hayatainuka. Kiganja au kidole cha mwisho huegemezwa juu ya paji la uso la mgonjwa, ili kichwa kikisogea, mkono usogee nacho. Kifaa hushikwa kwa wepesi, kwa maana anayekibana sana hutetemeka zaidi. Inapohitajika, mkono wa pili huutegemeza wa kwanza.

Kisha kuna nidhamu ya nje ya chumba cha upasuaji. Kukosa usingizi, njaa, kahawa nyingi, hofu na kubeba mizigo mizito kabla ya kazi ni maadui wa vidole. Utafiti umeonyesha kwamba dozi ndogo ya propranololi, dawa ya moyo, hupunguza mtetemo wa wapasuaji. Lakini si ya kumezwa bila ushauri wa daktari, hasa kwa mwenye pumu.

Mambo haya hayamalizwi na kitabu. Sharti mwanafunzi aketi kando ya mwalimu, aangalie jicho lilelile, kisha akabidhiwe kisu hatua kwa hatua. Ndiyo maana Hollows hakuridhika kwenda Eritrea, kupasua mamia ya wagonjwa na kurudi kwao akishangiliwa. Daktari wa Eritrea, Desbele Ghebreghergis, alikwenda Sydney kufunzwa. Sanduk Ruit wa Nepal, ambaye baadaye alisifika duniani kwa upasuaji wa gharama nafuu, pia alijifunza kwake.

Kuhusu bei, aliamua kuwa lenzi zitengenezwe kule kule zinakohitajika. Alizunguka Australia akichangisha fedha za kujenga kiwanda Eritrea.

Lakini muda haukuwa upande wake. Mnamo 1989 aligunduliwa kuwa na saratani ya figo. Mwaka uliofuata alitajwa Mwaustralia Bora wa Mwaka, na mnamo 1991 Eritrea ikampa uraia wa heshima. Mwaka huo huo wapiganaji waliingia Asmara na vita vikaisha.

Saratani iliposambaa, wengi walitarajia apumzike. Badala yake, mnamo 1992 alitoka hospitalini na kusafiri hadi Hanoi, Vietnam, kwa kuwa alikuwa ameahidi kufunza wataalamu 300 wa macho. Mwaka huo yeye na mkewe, Gabi, walianzisha wakfu wenye jina lake.

Fred Hollows alifariki Februari 10, 1993 akiwa na umri wa miaka 63. Alizikwa Bourke, mji wa mbali ambako aliwahi kuwatibu wenyeji asilia. Hakuishi kuona Eritrea ikitangazwa rasmi kuwa taifa huru miezi mitatu baadaye, wala hakukishuhudia kiwanda cha Asmara kikifunguliwa mwaka wa 1994. Kiwanda hicho na kingine cha Nepal vilichangia kuteremsha bei ya lenzi hadi chini ya dola 10.

Tangu hapo teknolojia imepiga hatua. Mnamo 2016 madaktari wa Oxford, Uingereza, walitumia roboti kwa mara ya kwanza kufanya upasuaji ndani ya jicho la binadamu. Mashine hiyo huchuja mtetemo, na mkono wa mpasuaji ukisogea sana, ncha ya kifaa husogea kidogo tu.

Lakini roboti bado ni ghali, na vipofu wa mtoto wa jicho ni wengi. Nchini Kenya, ambako wakfu wa Hollows pia hufanya kazi, baadhi ya wanaofanya upasuaji huu ni maafisa wa kliniki waliofunzwa mahsusi. Hawakuzaliwa na vidole tofauti na vya jirani zao. Walielekezwa, wakasahihishwa, wakarudia hadi mkono ukatii.

Huo ndio urithi wa tabibu huyu. Mkono wa daktari mmoja, hata uwe thabiti vipi, huzikwa pamoja naye. Aliyefunzwa akafunza mwenziwe ndiye atakayemwezesha mzee wa Lanet kufunguliwa bendeji kesho asubuhi na kuwatambua wajukuu wake kwa sura, si kwa sauti.